Dondoo muhimu: Udaktari wa uchumi Marekani

Hisabati kwanza. Kamati za udahili za vyuo kama Chicago na MIT huzikagua sana alama zako za kalkulasi, aljebra ya mstari na takwimu. Kama shahada yako haikukufundisha kuthibitisha nadharia hatua kwa hatua, tafuta kozi inayofundisha hilo kabla ya kuomba.

Barua za mapendekezo ziandikwe na walimu waliokuona ukifanya utafiti. Barua ya mheshimiwa asiyejua kazi yako haisaidii kitu, hata iwe na mihuri mitatu.

Uzamili mara nyingi si sharti. Programu nzuri hukusamehe ada na kukupa posho, nawe husaidia kufundisha. Ukipata nafasi bila ufadhili, mimi ningekushauri uiache.

Mwaka wa kwanza ndio wenye moto: uchumi mikro, uchumi makro na ekonometriki, kisha mtihani wa mchujo. Kitabu cha uchumi mikro cha Mas-Colell, Whinston na Green (1995) hakisomwi kitandani. Kaa na wenzako, kalamu mkononi, mkokotoe maswali ya mwisho wa kila sura.

Maombi mengi hufungwa Desemba. Ofa ya ufadhili kwa kawaida hujibiwa kabla ya 15 Aprili.