Mwanao Anakojoa kwa Chini? Usimtahiri Kwanza

Unapombadilisha mwanao nepi, tazama mkojo unatokea wapi. Kwa kawaida tundu huwa kwenye ncha ya uume. Kwa watoto wengine liko upande wa chini: karibu na kichwa cha uume, katikati, au hata karibu na korodani. Madaktari huiita hali hii haipospadiasi. Mara nyingi uume hupinda kuelekea chini na govi hufunika upande wa juu pekee.

Hali hii humpata takriban mvulana mmoja kati ya kila 200 hadi 300. Si laana, wala mama hakukosea popote. Njia ya mkojo haikufunga hadi mwisho mtoto alipokuwa tumboni.

Jambo kubwa ni hili: mtoto huyu asipashwe tohara. Daktari mpasuaji huhitaji ngozi ya govi kutengenezea njia ya mkojo na kufunika sehemu aliyoshona. Ikishatupwa, huenda akalazimika kutoa ngozi kwingine, kama ndani ya shavu, na kazi huwa ngumu zaidi. Familia zinazotahiri watoto wachanga zichunguze kwanza. Nyanya akihimiza tohara, mwelezeni kwamba mara nyingi mtoto hutoka kwenye upasuaji akiwa tayari ametahiriwa.

Umri unaofaa ni kati ya miezi 6 na 18. Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa, kisha mara nyingi hukaa na mpira mwembamba wa mkojo kwa siku kadhaa. Wakati mwingine kidonda hubakiza kitundu kinachovuja, na hapo hurudiwa. Tundu likiwa mbali sana na ncha, upasuaji huweza kufanywa kwa awamu mbili.

Ikiwa pia korodani hazishikiki, mpelekeni hospitalini mara moja apimwe homoni na kromosomu.

Asiyetibiwa huenda akalazimika kuchutama akikojoa, na wenzake shuleni hawatanyamaza. Akiwa mtu mzima anaweza kupata shida ya kuzaa.

Anzieni kwenye zahanati au kliniki ya chanjo. Wazazi wengi huona aibu kulitaja, lakini nesi ameyaona haya. Ombeni barua ya rufaa, mwende na kijitabu cha kliniki, na muulize bima ya SHA italipia nini kabla ya siku ya upasuaji. Mtoto aliyepita umri huo, au aliyekwisha kutahiriwa, naye aletwe.