Mashine ya Boti Inapopungua Nguvu: Mwongozo kwa Nahodha na Fundi

Mwongozo huu ni kwa manahodha, wavuvi na mafundi wanaotegemea mashine za boti za zamani, hasa zile za mipigo miwili zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, zenye nguvu za farasi 15 hadi 40. Ndizo zinazosukuma boti nyingi za uvuvi na za abiria, pwani na katika Ziwa Victoria. Ni mashine imara, na zikitunzwa hudumu miaka mingi. Hata hivyo, hufika siku ambapo mashine iko wazi mpaka mwisho lakini boti inajikokota.

Siku hiyo wengi hukimbilia bisibisi na kugeuza skrubu za kabureta. Hapo ndipo hasara huanzia. Mashine iliyokuwa nzima wiki iliyopita ilikuwa nzima kwa mpangilio uleule wa kabureta. Anayeuvuruga kabla ya kujua chanzo anaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, na baadaye hakuna awezaye kuyatenganisha. Kanuni ya mwongozo huu ni moja: anza nje, ingia ndani. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika ulichokiona, kisha endelea na kingine.

1. Ukiwa majini

Nguvu ikipungua safarini, punguza mwendo mara moja. Usilazimishe mashine ifike hivyohivyo. Katika injini ya mipigo miwili, oili ya kulainisha pistoni na beringi huingia pamoja na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Anayeendelea kufungua moto wote huku mashine ina njaa ya mafuta anakausha silinda, na pistoni inaweza kukwama palepale.

Hakikisha kila mtu amevaa jaketi la kuokolea maisha. Kama upepo au mkondo unakusukuma kwenye mwamba, tia nanga kwanza, ndipo ushughulike na mashine. Makasia, au tanga kama chombo kinalo, yawe tayari kila safari. Kabla ya kushika propela, zima mashine na uchomoe waya za plagi, kwa sababu propela ikizungushwa kwa mkono huku gia imeingia inaweza kuiwasha.

2. Maswali kabla ya kushika spana

Nahodha ajibu maswali haya, na fundi asiache kumuuliza:

- Nguvu ilipungua ghafla au kidogokidogo kwa wiki kadhaa?
- Mlio ukoje: mashine inashindwa kupanda, au inapanda sana lakini boti haiendi?
- Hutokea tangu inapowashwa, au baada ya kupata moto?
- Ni kitu gani kilibadilishwa karibuni: petroli, oili, plagi, propela, mzigo?

Mashine inayolia juu huku boti haisogei inaelekeza kwenye propela. Inayokufa baada ya dakika chache za mwendo mkali, kisha ikapona ikipumzishwa, inaelekeza kwenye njia ya mafuta. Inayoanza kukatakata ikipata moto inaelekeza kwenye umeme au maji ya kupooza.

3. Chombo na propela

Mara nyingine mashine haina kosa, ila chombo kimekuwa kizito. Boti ya mbao iliyokunywa maji, ngama iliyojaa chini ya mbao za sakafu, mwani na makombe yaliyoganda tumboni: vyote hivi hula nguvu. Ondoa maji ya ngama, pandisha chombo, sugua tumbo, na tia kalafati panapovuja. Kisha jaribu tena ukiwa na mzigo mdogo.

Kagua propela. Mshipi na vipande vya nyavu hujizungusha kwenye shafti nyuma ya propela, na mbali na kupunguza mwendo hukata sili na kuingiza maji kwenye gia. Ziwani, magugu maji na mifuko ya plastiki hufanya vivyo hivyo. Bapa la propela lililopinda au kulika ncha hupoteza msukumo hata kama kasoro inaonekana ndogo.

Propela nyingi zina mpira katikati, kati ya kitovu na mabapa, unaolinda gia propela inapogonga kitu. Ukizeeka huteleza: mashine inalia, kitovu kinazunguka, mabapa yanabaki nyuma. Chora mstari mmoja wa rangi kuanzia kitovu cha ndani hadi sehemu ya nje, kisha endesha kwa nguvu. Ukirudi ukakuta mstari umekatika na pande zake zimeachana, mpira umekwisha.

Angalia pia kimo cha mashine. Bapa pana lililo juu ya propela linapaswa kuwa usawa wa tumbo la boti au chini yake kidogo. Mashine ikikaa juu mno, propela huvuta hewa badala ya maji.

4. Njia ya mafuta

Hapa ndipo penye chanzo mara nyingi, na vipimo vyake havihitaji fedha.

Anza na pumzi ya tangi. Tundu la hewa kwenye kifuniko lazima liwe wazi mashine inapofanya kazi. Anayetumia dumu badala ya tangi aangalie ubavu wake: dumu lililobonyea kwa ndani linasema halipati hewa, na pampu inavuta bure.

Kisha tumia pampu ya mkono, ule mpira ulio katikati ya bomba la mafuta. Mashine inapoanza kudhoofika, mtu mmoja aiminye mara kadhaa. Nguvu zikirudi, mafuta hayafiki ya kutosha. Azima tangi na bomba zima la mwenzako. Tatizo likiondoka, kosa liko kwenye bomba, viungio au tangi lako. Likibaki, kagua chujio na utando wa pampu ya mafuta iliyo kwenye mashine yenyewe.

Usidanganywe na bomba kavu. Kati ya tangi na pampu, mafuta huvutwa, hayasukumwi. Kwa hiyo ufa mdogo hauvujishi petroli nje, bali huingiza hewa ndani. Bomba lililokakamaa kwa jua libadilishwe, na klipu zikazwe.

Pima petroli yenyewe. Chota kutoka chini ya tangi, tia kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli na yatakaa chini kwa mstari unaoonekana. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye petroli hayajitengi hivyo. Dalili zake ni harufu, moshi mwingi, mashine ngumu kuwaka na mlio wa kugongagonga mzigo unapozidi.

Mwisho, pima oili kwa chombo cha kupimia, si kwa macho. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Baadhi ya mashine za zamani, na zilizofungwa pistoni mpya, huhitaji 25 kwa 1, yaani mililita 800 kwa dumu hilo. Fuata kitabu cha mashine yako. Oili pungufu huua pistoni. Oili nyingi mno huchafua plagi na kuziba njia ya moshi kwa masizi. Tumia oili ya mashine za boti yenye alama TC-W3. Oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa.

5. Moto wa plagi

Toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi ya rangi ya kahawia ni njema. Nyeusi yenye majimaji inaonyesha silinda isiyochoma: moto hafifu, choki iliyokwama, au oili nyingi. Nyeupe yenye vipunje vinavyong'aa ni onyo la joto kali au njaa ya mafuta. Usiendeshe tena mpaka chanzo kijulikane. Mashine ya silinda mbili ikipoteza moja, huenda ikaendelea kuwaka, lakini haitabeba mzigo.

Kupima moto, ondoa kwanza mafuta yote yaliyo wazi karibu. Shika plagi kwa koleo lenye mpira, igusishe chuma cha injini mbali na matundu ya silinda, kisha vuta kamba. Cheche iwe ya bluu na yenye mlio. Ya manjano na dhaifu ina maana plagi, kofia yake, waya au koili ina kasoro. Chumvi hula viungio vya waya, hivyo visafishe kabla ya kununua spea. Mashine inayopoteza moto ikipata joto ipimwe wakati huohuo ingali na joto. Ikipoa, koili mbovu inaweza kuonekana nzima.

6. Maji ya kupooza

Mkondo wa maji unaotoka kando ya mashine uwe imara. Ukidhoofika, zima, kisha zibua tundu kwa waya mwembamba, kwani chumvi, mchanga na hata udongo wa nyigu huliziba. Kagua pia chujio la maji kwenye mguu wa mashine. Kama mkondo haujarudi, badilisha impela, ile feni ya mpira iliyo ndani ya pampu ya maji. Kwa mashine ya kazi za kila siku, ibadilishwe kila mwaka bila kungoja ikatike. Usiwashe mashine nchi kavu bila maji hata kwa muda mfupi. Impela huungua upesi.

7. Kebo na kabureta

Mashine ikiwa imezimwa, zungusha mpini hadi mwisho huku mwenzako akiangalia kabureta. Kibao cha hewa kisipofunguka chote, kebo imelegea au imeshika kutu, na hakuna spea ya injini itakayoponya hilo. Hakikisha pia choki imerudi.

Ni sasa tu ndipo kabureta ifunguliwe. Safisha bakuli, boya na jeti kwa dawa ya kusafishia na hewa ya pampu. Usitoboe jeti kwa waya, kwa sababu tundu likipanuka kipimo cha mafuta kimeharibika. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, hesabu mizunguko yake na uandike.

8. Kompresheni

Kama yote yaliyotangulia ni sawa, pima kompresheni. Mashine iwe ya joto, plagi zote zitolewe, waya zake zigusishwe kwenye chuma cha injini, na kabureta iwe wazi yote. Funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, kisha vuta kamba mpaka sindano yake iache kupanda. Linganisha silinda na silinda: tofauti ikizidi asilimia 10 hivi, kuna jambo. Tia oili kidogo kwenye silinda dhaifu na upime tena. Namba ikipanda, ringi au silinda imelika. Isipopanda, shuku gasketi ya kichwa au pistoni. Hapo ni kazi ya karakana.

9. Kazi ya kila siku

Ukirudi kutoka baharini, iwashe mashine ndani ya pipa la maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika kadhaa. Chuja petroli kila unapojaza. Tazama oili ya gia kila mwezi: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili ibadilishwe. Beba plagi za akiba, spana yake, koleo, waya mwembamba na kipande cha bomba la mafuta.

Weka pia daftari ndani ya mfuko usiopitisha maji. Andika tarehe, mafuta yaliyotumika, muda wa safari na kila kilichobadilishwa. Mashine inayodhoofika polepole huonekana humo kwanza: safari ileile, mzigo uleule, lita zimeongezeka. Ukiliona hilo ukiwa ufukweni, utalitengeneza ufukweni, na watu walio chomboni mwako hawatalazimika kulijua katikati ya maji.