Kabla hujatuma mtaji, andika sentensi moja

Wewe uliye Muscat, Doha au Leicester, leo tuache kidogo viwango vya kubadilisha fedha. Tuongelee lile duka la nyumbani ambalo kila mwezi "linakaribia kukaa sawa".

Tuchukue mfano. Dada yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Mdogo wake yuko Tanga na duka la vyakula. Dada katuma mtaji, shilingi 3,000,000. Mwezi wa tatu mdogo mtu kanunua friji la soda. Mwezi wa tano kaongeza vipodozi. Mwezi wa saba unga umeisha na hela ya kununua mwingine haipo. Hakuna aliyeiba. Kilichokosekana ni maneno machache waliyokubaliana wote wawili: duka hili ni la nini?

Maneno hayo ndiyo dhamira ya biashara. Usiichanganye na ndoto. "Kuwa duka bora Afrika Mashariki" ni ndoto. Haimwambii mdogo wako anunue nini Jumatatu asubuhi. Dhamira inajibu maswali matatu:

1. Tunauza nini?
2. Tunamuuzia nani?
3. Kwa nini aje kwetu, asiende kwa jirani?

Kwa duka letu la mfano, inaweza kuwa hivi: "Tunawauzia mama ntilie wa mtaa wetu unga, mchele, maharage na mafuta kwa bei nafuu na kipimo cha haki, kuanzia saa kumi na moja alfajiri."

Sasa ijaribu. Friji la soda? Hapana, mama ntilie hakutufuata kwa soda. Mzani mpya? Ndiyo, tumeahidi kipimo cha haki. Sentensi isiyoweza kusema hapana hata mara moja, ifute uanze upya.

Hata wakubwa wamepita hapa. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya, lengo lilikuwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe. Ilipozinduliwa mwaka 2007, ikatangazwa kwa ujumbe mfupi: tuma pesa nyumbani. Walitazama kwanza mteja anafanya nini, ndipo wakachagua maneno.

Na wewe fanya hivyo:

- Usiandike peke yako huko ughaibuni. Anayewaona wateja ni mdogo wako. Mpigie, akutumie picha za daftari la mauzo la wiki mbili, mhesabu pamoja nani ananunua nini.
- Isizidi maneno 25. Iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari na ibandikwe ukutani.
- Kila akiomba hela ya dukani, ataje bei na aseme inatimiza maneno yapi ya ile sentensi.
- Kila miezi sita irudieni na daftari mkononi. Wateja wakibadilika, ibadilisheni wote wawili.

Dhamira haichukui nafasi ya hesabu. Daftari liendelee kuandikwa, na mdogo wako awe na posho inayojulikana, asije akala mtaji kwa njaa.

Ila kuna jambo moja hesabu peke yake haziwezi. Ukimkatalia ndugu yako hela bila sababu, anaona umemdharau kwa kuwa uko nje. Mkiisoma sentensi mliyoiandika pamoja, anajua wewe hukumkataa, mlikubaliana.

Leo usiku mpigie. Anza na swali moja: wiki hii nani kanunua zaidi?