Umeacha Kazi au Umeachishwa? Mwongozo wa Fidia ya Ukosefu wa Kazi Marekani

Kiwanda kimepunguza watu na wewe umo. Unapiga simu kwenye ofisi ya jimbo kuomba fidia ya ukosefu wa kazi, unaunganishwa na mkalimani, na baada ya jina na anwani linakuja swali lenyewe: kazi iliishaje? Kwa uchovu unajibu, "Niliacha kazi wiki iliyopita." Ulitaka kusema uliachishwa. Mkalimani anatafsiri alichosikia, karani anaandika kwamba uliondoka kwa hiari yako, na hapo madai yako yameshaharibika.

Basi pima neno lako. Kama kazi zilipungua, sema "nimepunguzwa" au "nimeachishwa", utaje tarehe na aliyekupa habari hiyo. Kama ulifukuzwa, usifiche. Eleza ilivyokuwa, maana kushindwa kwenda na kasi ya mashine si sawa, kisheria, na kutokuja kazini bila taarifa. Aliyeacha mwenyewe kwa kawaida halipwi, isipokuwa awe na sababu nzito ambayo jimbo lake linaikubali.

Waliopelekwa kiwandani na ajensi wawe macho zaidi. Texas na Iowa ni miongoni mwa majimbo yanayotaka uijulishe ajensi mara kazi uliyopangiwa inapokwisha, ili ikutafutie nyingine. Iowa hutoa siku 3 za kazi. Ukikaa kimya nyumbani ukingoja kuitwa, unaweza kuhesabiwa kuwa umeacha. Tuma ujumbe wa maandishi na uuhifadhi kwenye simu.

Najua wapo wanaoona haya kuomba, wakidhani ni sadaka. Si sadaka. Ni bima iliyowekwa na sheria ya mwaka 1935, na mwajiri wako ameilipia kodi muda wote uliokuwa ukimfanyia kazi. Ni katika majimbo ya Alaska, New Jersey na Pennsylvania tu ambako mfanyakazi naye hukatwa kidogo. Asiye raia anaweza kulipwa pia, mradi alikuwa na ruhusa halali ya kufanya kazi alipopata mishahara hiyo, na bado anayo anapoomba. Wakimbizi na wenye grini kadi wamo.

Jambo jingine linalowachanganya ndugu zetu wanaohamahama: ombi hupelekwa jimbo ulikofanya kazi, si unakoishi sasa. Ukifanya kazi Amarillo, Texas, kisha ukahamia kwa dada yako Des Moines, Iowa, unaomba Texas. Kama mishahara yako imetoka majimbo mawili, uliza kama inaweza kuunganishwa.

Kiasi cha malipo hutokana na mishahara ya zamani. Kwa kawaida huhesabiwa robo 4 za mwanzo kati ya robo 5 za mwaka zilizokamilika kabla ya kuomba. Anayeomba Mei 2025 anapimwa kwa mishahara ya Januari hadi Desemba 2024. Texas huchukua robo yenye kipato kikubwa kuliko zote na kuigawa kwa 25. Robo hiyo ikiwa dola 10,000, malipo ni dola 400 kwa wiki. Lakini lazima kipato cha robo zote 4 kifike mara 37 ya hizo 400, yaani dola 14,800, na kisiwe cha robo moja tu. Aliyewasili karibuni anaweza kukosa kwa hesabu hii. Majimbo mengi yana kipindi mbadala cha kuhesabia, kwa hiyo aulize.

Kukubaliwa si mwisho. Kila wiki, au kila baada ya wiki mbili kama Texas, unathibitisha kwamba unaweza kufanya kazi, uko tayari na unaitafuta. Andika daftarini kila kampuni uliyoomba, pamoja na tarehe. Ukipata kibarua, taja mshahara wote kabla ya makato, katika wiki uliyoufanyia kazi, hata kama hundi haijafika. Anayedanganya hurudisha pesa pamoja na faini isiyopungua asilimia 15. Na malipo haya yana kodi ya serikali kuu; unaweza kuomba yakatwe asilimia 10 mapema ili usishtuke msimu wa kodi ukifika.

Barua ya kukataliwa ikija, isome siku hiyohiyo. Texas hutoa siku 14 za kukata rufaa tangu barua ilipotumwa, si tangu ulipoifungua. Huku rufaa ikisubiri, endelea kudai malipo ya kila kipindi, kwa sababu ukishinda utalipwa zile wiki ulizodai.

Kuomba ni bure, kwa hiyo usimlipe mtu anayeahidi kukuharakishia. Omba mkalimani wa Kiswahili, mwambie arudie alichotafsiri, na upeleke ombi lako wiki ileile kazi ilipokwisha: katika majimbo mengi madai huanza kuhesabiwa wiki uliyoomba, na zilizopita nyuma hazilipwi.