Upasuaji wa Kope Usioridhisha: Haki za Mgonjwa wa Tshopo na Muda wa Kuzidai

Mgonjwa aliyepasuliwa kope, kisha akabaki na macho yasiyolingana au jicho lisilofumba, ana haki ya kuuliza kama amekosewa, lakini sheria ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutenganisha mambo mawili ambayo uchungu huyachanganya kwa urahisi, yaani matokeo yasiyopendeza na kosa la daktari. Ibara ya 258 ya Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Raia, kilichotokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888, humlazimu aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake kufidia hasara hiyo, na ibara ya 259 huongeza uzembe na kutojihadhari. Kwa hiyo anayedai hana budi kuthibitisha kosa, madhara, na kwamba madhara hayo yametokana na kosa hilo. Kwa kuwa kanuni hiyo ina asili moja na ile ya Ufaransa na Ubelgiji, wanasheria wa Kongo hurejea pia uamuzi wa Mahakama ya Kasasioni ya Ufaransa wa tarehe 20 Mei 1936 katika kesi ya Mercier, uliosema kwamba daktari haahidi kuponya, bali huahidi huduma ya uangalifu inayolingana na elimu ya tiba iliyokwisha kuthibitika.

Kwenye kope, mpaka kati ya matokeo yasiyopendeza na kosa huonekana waziwazi. Uvimbe na weusi wa ngozi katika wiki 2 za mwanzo ni jambo la kawaida, tofauti ndogo kati ya jicho la kulia na la kushoto huweza kutokea hata mikononi mwa daktari hodari, na nywele za kope zilizogeukia ndani kwa sababu ya trakoma hujulikana kurudi hata baada ya upasuaji uliofanywa vizuri. Lakini ngozi ikikatwa kupita kiasi, ukope wa juu na wa chini hazikutani tena usingizini, konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, hukauka usiku kucha, na mgonjwa huamka na macho mekundu yanayochoma kana kwamba yametiwa mchanga; hali hiyo isipotibiwa huweza kuleta kidonda na hata upofu. Damu nayo ikivuja nyuma ya jicho katika saa za kwanza, jambo ambalo ni nadra, maumivu makali na kuona giza hutaka daktari aitwe papo hapo, na kumwambia mgonjwa wa namna hiyo arudi kesho ni kosa zito kuliko mshono uliopinda.

Kosa huweza pia kutangulia kisu. Ibara ya 16 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 hulinda uzima wa mwili wa binadamu, na Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 kuhusu misingi ya afya ya umma inatambua haki za mgonjwa, ikiwemo ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa. Karatasi ya Kifaransa inayoletwa asubuhi ya upasuaji, wakati mgonjwa amekwisha kulipa na hajala tangu jana, haiwi ridhaa ya kweli kwa mtu wa Mangobo au Lubunga mkoani Tshopo anayeelewa Kiswahili au Lingala tu, hata kama sahihi yake iko chini. Upasuaji ukiwa wa urembo, maelezo yanapaswa kuwa mapana zaidi, kwa sababu hakuna ugonjwa unaomlazimisha mtu kuikubali hatari hiyo.

Jambo linaloponza haki ni muda. Ibara za 52 na 54 za Kanuni ya Jinai ya tarehe 30 Januari 1940 huadhibu kumjeruhi mtu bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu, kwa kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1 na faini, au kwa moja ya adhabu hizo. Na kwa kuwa kifungo hicho hakizidi mwaka mmoja, ibara ya 24 ya kanuni hiyohiyo huzima mashtaka baada ya mwaka 1, isipokuwa ndani ya muda huo parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, imefanya tendo la uchunguzi au la mashtaka. Madaktari nao, kwa sababu nzuri ya kitabibu, humtaka mgonjwa angoje miezi 3 hadi 6 kovu lilainike kabla ya ukope kurekebishwa. Akingoja, akarekebishwa, akangoja tena, mlango wa jinai unafungwa yeye akiwa bado anatii maagizo ya daktari, na huu ni ukali unaomwumiza hasa mgonjwa mvumilivu. Dai la fidia mbele ya mahakama ya kiraia hudumu zaidi, kwani kanuni ya jumla ya ibara ya 647 ya Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Raia ni miaka 30, ila kumbukumbu za hospitali na za mashahidi hazidumu hivyo.

Kwa hiyo mgonjwa anashauriwa kuomba mapema, kwa barua yenye nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, nakala ya fishi yake ya matibabu na ripoti ya upasuaji, kutunza risiti na karatasi za dawa, na kupiga picha zenye tarehe, macho yakiwa wazi na yakiwa yamefumbwa. Muhimu kupita yote ni kumwona daktari mwingine wa macho na kupata maoni yake kwa maandishi kabla ya upasuaji wa pili, kwa maana marekebisho hufuta alama ambazo mtaalamu atakayeteuliwa na hakimu angezipima.

Malalamiko huweza kupelekwa kwenye baraza la mkoa la Chama cha Madaktari, kilichoundwa kwa amri-sheria namba 68/070 ya tarehe 1 Machi 1968, ambalo huweza kumwadhibu daktari lakini halimlipi mgonjwa. Anayetaka fidia huenda mahakamani, ama kwa kujiunga na kesi ya jinai, ama kwa kesi ya kiraia, na ibara ya 260 ya Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Raia humruhusu kumdai pia mwajiri wa daktari. Asiye na uwezo huomba msaada kwa ofisi ya mashauri ya bure ya Chama cha Mawakili, ambayo amri-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979 inataka iwepo kwa ajili ya watu wa kipato kidogo.