DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 12: Bei kupandishwa katikati ya mkataba



Baada ya tarawehe vijana wameuliza: kampuni ya simu ikipandisha bei, ni dhulma? Wengi mnakumbuka tarehe 2 Aprili 2021, siku chache kabla ya Ramadhani. Watu waliamka wakakuta hela ileile inanunua MB chache kuliko za jana yake. Malalamiko yakajaa nchi nzima, na siku hiyohiyo Serikali ikasitisha bei zile mpya.

Tutenganishe mambo mawili, tusije tukamdhulumu na mfanyabiashara. Kifurushi cha wiki ni mkataba wa siku 7. Umelipa, wamepokea, basi. Wiki ikiisha wakaja na bei nyingine, hiyo ni biashara mpya. Inauma, lakini una hiari ya kuacha. Watu wa Madina walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei zilipopanda, naye hakukubali, akichelea kukutana na Mola wake huku mtu anamdai dhulma.

Kupandisha katikati ni jambo jingine. Mtu amefunga intaneti kwa mkataba wa mwaka mzima, mwezi wa sita anatumiwa meseji: kuanzia sasa utalipa zaidi. Hapo inaingia aya ya kwanza ya Suratul Maida, inayotuamuru kutimiza mikataba. Watasema ulisaini, na masharti yanaruhusu kubadili bei. Kwa kiasi gani? Bei isiyojulikana ni gharari. Hata Uingereza, tangu 17 Januari 2025 mdhibiti wao, Ofcom, amekataza mikataba mipya yenye nyongeza inayofuata mfumuko wa bei. Kama kuna nyongeza, itajwe ni pauni ngapi kabla mtu hajasaini.

Lakini hapa Nyakitonto wenye intaneti ya mwaka ni wa kuhesabu. Mkataba wetu ni maharage. Mtu anapokea hela yote leo, anaahidi magunia mawili wakati wa mavuno. Hiyo ni bai salam, halali. Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakiifanya kwa tende, akaelekeza kipimo kijulikane na muda ujulikane. Mavuno yanafika, bei sokoni imepanda, muuzaji anaanza: "Ndugu yangu, niongeze kidogo, hali imebadilika." Jamani, ana tofauti gani na ile meseji? Na mnunuzi anayekuja na lumbesa wakati walipatana gunia la debe sita, naye kapandisha bei, ila kwa upande wake.

Mazao yakiharibika kweli, mnunuzi achague: asubiri msimu mwingine, au arudishiwe hela yake ileile. Akidai na ya juu, hiyo ni riba.

Mwenye makubaliano ya mdomo tu, aandike sasa kabla bei haijajulikana: kipimo, hela iliyolipwa, tarehe, mashahidi. Aya ndefu kuliko zote, Baqara 282, inahusu kuandikiana. Leo baada ya alasiri nitakaa barazani msikitini na daftari. Asiyejua kuandika aje na mwenzake waliyepatana naye, wote wawili.

Wassalaam.