Ajali Chomboni Marekani: Saa 2, Saa 32, Siku 5

Tagi inasukuma tishari, mkondo unalivuta, tishari linagonga nguzo ya daraja. Hakuna aliyeumia. Maji hayaingii. Bosi amelala. Unaendelea na safari au unapiga simu?

Unapiga simu. Katika maji ya Marekani, kugonga daraja bila kukusudia kunaripotiwa hata kama ni rangi tu iliyobanduka. Na zipo ajali ambazo, mbali na kuripoti, zinakulazimu kupima watu pombe na dawa za kulevya kwa muda maalumu. Ukiujua utaratibu mapema, hutababaika.

Haya ni kwa nahodha, na kwa baharia yeyote anayeweza kuachiwa zamu. Kama una green card na cheti cha ubaharia cha Marekani, soma yote. Kama uko kwenye meli ya bendera nyingine inayoingia Houston au New Orleans, sehemu ya kuripoti inakuhusu vilevile.

Okoa kwanza, kisha ripoti

Hesabu watu. Zima moto. Ziba palipotoboka. Tia nanga ikibidi. Hali ikishatulia, toa taarifa papo hapo kwa ofisi ya Coast Guard iliyo karibu, ile inayoitwa Sector. Simu haishiki? Tumia redio ya VHF, chaneli 16. Usisubiri kwanza ofisi yako iongee na bima na mwanasheria. Wao watajulishwa, lakini si kabla ya Coast Guard.

Sema mambo sita, basi

Jina la chombo na namba yake rasmi. Mwenye chombo au wakala. Mahali. Kilichotokea. Walioumia na wameumiaje. Kilichoharibika. Usibuni chanzo cha ajali hapo hapo. Kama hujui kwa nini usukani ulikataa, sema usukani umekataa, uishie hapo.

Mafuta yakimwagika, kuna simu nyingine

Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, piga National Response Center, 1-800-424-8802. Bandika namba hiyo karibu na usukani. Simu hii na ile ya Sector ni mbili tofauti, kwa hiyo usiulize upige ipi. Piga zote.

Zijue ajali za kuripoti

Bandika na orodha hii ukutani:

- Kupanda fungu au mwamba, au kugonga daraja, bila kukusudia.
- Kupoteza injini kuu au usukani, au hitilafu yoyote ya mfumo wake inayopunguza uwezo wa kukiongoza chombo.
- Moto, maji kuingia, au kuharibika kwa vifaa vya kuokolea, mitambo ya kuzimia moto, jenereta au pampu za ngama, kiasi cha kukifanya chombo kisifae kwa safari.
- Kifo.
- Jeraha linalohitaji tiba ya kitaalamu zaidi ya huduma ya kwanza na, kwa mfanyakazi wa chombo, linalomfanya ashindwe kazi zake za kawaida.
- Hasara ya mali inayozidi dola 75,000.
- Madhara makubwa kwa mazingira.

Piga hesabu ya hasara sawasawa

Kiwango kilikuwa dola 25,000 hadi mwaka 2018, kikapandishwa kuwa 75,000. Ingiza gharama ya vifaa na ufundi wa kurudisha mali ilivyokuwa. Usiingize gharama ya uokoaji wa chombo, usafishaji, kupandisha chelezoni wala fidia ya kuchelewesha meli. Kama makisio yako yanachezacheza karibu na kiwango, ripoti.

Jiulize: hii ni ajali nzito?

Swali hili ndilo linaloamua kama mtapimwa. Ajali ya kuripotiwa inakuwa nzito ikisababisha kifo, au jeraha la aina niliyoitaja, au hasara inayozidi dola 200,000. Chombo chenye ukaguzi wa Coast Guard kikipotea kabisa, ni nzito. Kisicho na ukaguzi kikipotea, ni nzito kikiwa kinajiendesha chenyewe na kina tani 100 au zaidi. Halafu kuna umwagaji: mafuta galoni 10,000 au zaidi, au kemikali hatari kufikia kiwango kinachotakiwa kuripotiwa.

Usidharau kidole

Wengi hunaswa hapa. Baharia amebanwa kidole na kamba kwenye gati. Ukakisafisha, ukakifunga plasta, akarudi kazini: hiyo ni huduma ya kwanza. Lakini daktari akikishona na kumwambia asiguse kamba wiki nzima, umeshavuka mstari. Jeraha hilo linaripotiwa, na kwa kuwa kipengele cha jeraha ni kilekile kwenye orodha zote mbili, ni ajali nzito pia. Maana yake kuna watu wa kupimwa, kwa kidole kimoja.

Amua nani anapimwa

Mwajiri ndiye anayeamua, na mara nyingi wewe uliye chomboni ndiye macho yake. Anapimwa kila mtu ambaye agizo lake, kitendo chake, au kutotenda kwake kumechangia ajali. Yule ambaye huwezi kumtoa kwenye lawama naye anapimwa. Aliyeshika usukani, aliyekuwa kwenye winchi, aliyetoa amri. Usiwaache wakubwa ukawapima wadogo. Na kama amri ilikuwa yako, jiandike wa kwanza.

Pombe: ndani ya saa 2

Saa zinahesabiwa tangu ajali itokee. Usalama ukikuzuia, pima mara tu unapopata nafasi. Zikipita saa 8, kipimo hicho hakidaiwi tena, lakini lazima uandike kwa nini hakikufanyika. Aliyehusika asiguse pombe kwa saa 8, au mpaka apimwe. Hata bia moja ya kutuliza moyo, mnyime.

Kuchelewa kuna gharama yake. Machi 24, 1989, meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh Reef huko Alaska. Damu ya nahodha ilichukuliwa baada ya zaidi ya saa 10. Mahakamani mabishano yakawa makali juu ya hali yake saa ya ajali, na shtaka la kuendesha meli akiwa amelewa halikusimama. Kipimo cha mapema kinamaliza ubishi. Kama hukunywa, ndicho shahidi wako bora.

Dawa za kulevya: ndani ya saa 32

Hapa kinachotakiwa ni mkojo. Maabara iliyoidhinishwa na serikali inatafuta bangi, kokeni, amfetamini, PCP, na afyuni pamoja na dawa za jamii yake. Saa 32 zinaonekana nyingi, lakini chombo kikiwa katikati ya mto mbali na mji, zinayeyuka. Ita mkusanyaji wa sampuli mapema, au peleka watu nchi kavu.

Simamia chupa zako

Ukiwa wewe unayepimwa, fuatilia kila hatua. Unatoa angalau mililita 45. Mkusanyaji anasoma joto la mkojo ndani ya dakika 4. Linapaswa kuwa kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Anaugawa mbele yako: mililita 30 chupa ya kwanza, 15 ya pili. Anafunga, anabandika lakiri, nawe unaweka herufi za jina lako juu yake. Usiondoke kabla ya lakiri. Mkojo ukigoma, unaruhusiwa kunywa maji hadi lita 1.2 hivi na kusubiri mpaka saa 3.

Chupa ya pili ni haki yako. Daktari mhakiki, yule anayepitia majibu ya maabara, akikwambia majibu si mazuri, una saa 72 za kuomba chupa hiyo ipimwe kwenye maabara nyingine.

Bangi ya halali haikuokoi

Jimbo lako linaweza kuruhusu bangi dukani au kwa cheti cha daktari. Sheria ya shirikisho haitambui hilo kwa baharia. Dawa za hospitali ni jambo jingine: tunza nakala ya maelekezo ya daktari, umwonyeshe daktari mhakiki atakapokupigia.

Anayekataa, mtoe kazini

Usimlazimishe, usigombane. Andika kukataa kwake kwenye batli na kwenye fomu ya vipimo, kisha mwondoe kwenye kazi zinazogusa usalama mara inapowezekana. Kukataa kunaweza kumgharimu cheti chake. Mweleze hilo kwa upole, mara moja, mbele ya shahidi.

Fomu: ndani ya siku 5

Simu haitoshi. Ripoti ya maandishi ni fomu CG-2692, ndani ya siku 5. Kama kulikuwa na tishari, ongeza CG-2692A. Kama ilikuwa ajali nzito, ongeza CG-2692B, fomu ya vipimo: nani amepimwa, lini, na kama hakupimwa, kwa nini. Andika ulichoona na ulichofanya. Majibu ya maabara yakija baadaye, yatume.

Usifute kitu

Batli, chati, rekodi za injini, maelezo ya zamu: viweke kama vilivyo. Kosa la maandishi likatwe kwa mstari mmoja, liandikwe upya pembeni. Ukurasa uliochanwa utakuumiza kuliko ajali yenyewe.

Andaa kisanduku cha vipimo kabla ya safari

Kama huna hakika ya kupata kipimo cha pombe ndani ya saa 2, kifaa cha pumzi au cha mate kinatakiwa kiwe chomboni. Vifaa vya mkojo navyo viwe chomboni, isipokuwa unaweza kuvipata ndani ya saa 24. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Hakikisha zaidi ya mtu mmoja anajua kutumia kifaa cha pombe, maana anayejua peke yake anaweza kuwa ndiye anayepaswa kupimwa.

Wiki hii, fanya mambo matatu: fungua kisanduku ukague, bandika namba za simu karibu na usukani, na chapisha fomu zote tatu uziweke kwenye faili moja. Kisha muulize mwenzako wa zamu faili iko wapi. Asipojua, mwonyeshe kabla hamjafungua kamba.